Pangani na shamba la mkonge kwa siku mbili: mwongozo kamili kwa anayetokea Tanga

Wengi wanaokwenda Pangani mara ya kwanza hurudi na malalamiko yaleyale. Mji waliukuta umelala, kiwanda cha mkonge kimesimama, na mlinzi wa shamba akawarudisha getini. Wanaishia kula samaki, kupanda kivuko kwenda na kurudi, kisha kusema Pangani haina kitu.

Pangani ina kitu. Kinachoharibu ni mpangilio. Watu wanaondoka Tanga saa nne, wanafika jua la utosini, wanazunguka mjini wakati milango mingi imefungwa kwa mapumziko ya mchana, na alasiri ndipo wanakumbuka kuvuka mto kwenda kuona mkonge. Saa hiyo wakataji wameshatoka shambani.

Mwongozo huu unapindua ratiba hiyo: mji alasiri ya siku ya kwanza, usiku mmoja Pangani, shamba asubuhi ya siku ya pili. Tanga tuna msemo wetu, "waja leo, waondoka leo." Kwa safari hii usiufuate. Ukiwa na siku moja tu, chagua kimoja, mji au shamba, ukifanye vizuri.

## Vitu vya kuandaa

- Ruhusa ya shamba, iliyoombwa kabla hujaondoka Tanga. Hiki ndicho cha kwanza, na ndicho watu wanachokisahau.
- Viatu vya kufunika vyenye soli ngumu. Ndala zitakupeleka forodhani, hazitakupeleka shambani.
- Suruali ndefu, shati la mikono mirefu na miwani yoyote. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu kama sindano, na majani mengi yanakaa usawa wa kifua na uso.
- Maji, kama lita mbili kwa kila mtu, na kofia. Ndani ya shamba hakuna kivuli. Mkonge haufuniki mtu.
- Noti ndogondogo. Kivuko, bodaboda, muuza madafu na mwenye mashua wote watakusumbua kwa chenji ukitoa noti kubwa. Pesa ya simu inasaidia, ila usiitegemee peke yake ng'ambo ya mto.
- Kitambulisho. Getini wataandika jina lako kwenye daftari.
- Mfuko usiopitisha maji kwa ajili ya simu.
- Kanga au shuka jepesi. Kwa jua, kwa upepo wa mtoni, na kwa heshima ukipita karibu na misikiti.

## Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kuchagua usafiri

Fika Pangani kati ya Jumatatu na Jumatano, ili asubuhi inayofuata iwe siku ya kazi shambani. Jumapili utakuta mashine zimezimwa. Ijumaa mchana mji mzima uko msikitini, na ni haki yao. Panga hivyo ili usije ukawa mgeni anayegonga milango saa ya swala.

Epuka masika, yaani Machi hadi Mei. Mvua ikikolea, matope yanazuia matrekta kufika kwenye mistari ya mkonge, na singa, yaani nyuzi za mkonge, hazikauki. Utaona shamba lakini hutaona kazi. Kuanzia Juni mambo yanatulia.

Ramadhani inawezekana, ila migahawa mingi hufungwa mchana na watu wana uchovu. Ukienda mwezi huo, kula faragha na usitegemee mazungumzo marefu barazani kabla ya futari.

Tazama na mwezi wa angani. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Kama unataka kupanda mto kwa mashua, bamvua ina nguvu na mkondo wake unaonekana kwa macho. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, ni tulivu zaidi kwa mwenye watoto. Majira ya maji kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo usichukue saa ya rafiki yako aliyekwenda wiki iliyopita. Waulize wavuvi.

Umefanikiwa ikiwa: unajua siku yako ya shamba ni siku ya kazi, na unajua maji yatajaa saa ngapi siku ya pili, utakaporudi kutoka shambani.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa ya shamba

Mashamba ya mkonge ni mali ya watu na ni mahali pa kazi. Ukifika bila taarifa, mlinzi hana uwezo wa kukuingiza hata akikupenda.

Njia ya uhakika ni kupitia watu wa mkonge wenyewe. Bodi ya Mkonge ina makao yake hapahapa Tanga mjini. Ingia, salimia, eleza shida yako, omba wakuelekeze kwa uongozi wa shamba lililo karibu na Pangani. Upande wa kusini wa mto kuna mashamba ya Mwera na Sakura. Mwera ndilo jepesi zaidi kwa anayevuka na kivuko.

Ukishapata namba ya ofisi ya shamba, piga simu kwanza, kisha tuma ujumbe ili kuwe na maandishi. Unaweza kuandika hivi (korona ni mashine inayokwangua jani na kutoa singa):

"Habari za kazi. Naitwa (jina), natokea (mahali). Naomba kutembelea shamba na kiwanda siku ya (tarehe) asubuhi, tukiwa watu (idadi). Tungependa kuona ukataji, korona na uanikaji. Tutafuata maelekezo yote ya usalama na hatutapiga picha bila ruhusa. Asante."

Sentensi ya picha usiiache. Viongozi wengi wa mashamba hawaogopi mgeni, wanaogopa kamera, na ujumbe unaoitaja mapema huwaondolea wasiwasi.

Uliza mambo mawili zaidi: je, korona itakuwa inafanya kazi siku hiyo, na nani atawapokea. Korona ikisimama kwa matengenezo, ahirisha. Nusu ya unachokwenda kukiona iko pale.

Umefanikiwa ikiwa: una jina la mwenyeji na saa ya kufika.

## Hatua ya 3: Tanga hadi Pangani

Ukitokea Dar, Moshi au Arusha utashukia stendi ya Kange. Ulizia hapohapo magari ya Pangani yanapakilia wapi. Ni kama kilomita 50 kuelekea kusini, njia ikifuata pwani. Barabara imekuwa kwenye ujenzi wa lami, hivyo muda wa safari unabadilika. Usijipangie dakika za kubanana. Mwenye gari dogo anaweza pia kutokea Muheza kupitia Boza.

Ondoka Tanga asubuhi ukitaka kupitia magofu ya Tongoni, kilomita zisizofika 20 kutoka mjini. Kuna msikiti wa kale uliobaki kuta na makaburi ya nguzo zaidi ya 40, mengi yake nguzo zimeanguka na kulala palepale. Nusu saa inatosha. Ukipita moja kwa moja, utaona mkonge wa kwanza maeneo ya Kigombe. Usishuke kwa hamu. Wa kwako unakungoja ng'ambo.

Lenga kuingia Pangani saa sita au saba. Weka mizigo, kula, pumzika. Mji nao unapumzika.

## Hatua ya 4: Tembea mjini kuanzia saa kumi

Saa kumi alasiri jua limelegea, maduka yamefunguliwa, na wazee wametoka barazani. Mwanga wa saa hiyo huangukia milango na roshani kwa ubavu, na nakshi zinajitokeza. Saa sita zilikuwa bapa, huzioni.

Tafuta mtembezi wa mji, yaani mwongoza wageni, aliye mwenyeji. Ulizia ofisi ya utalii au nyumba uliyofikia. Patana naye bei kabla ya hatua ya kwanza, kwa maneno wazi. Bila mwenyeji utaona kuta. Ukiwa naye utaambiwa nyumba ni ya nani, na mara nyingi utakaribishwa ndani.

Anzia forodhani. Simama ukingoni mwa mto ukiutazama mdomo wa bahari. Maji haya yametoka Kilimanjaro na Meru, yakapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Maporomoko ya Pangani, ndipo yakafika hapa. Misafara ya pembe na watumwa ilimalizikia ukingo huu, na majahazi ya Unguja yalipakia hapa. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini nyumba nyingi kubwa zimeelekea mtoni.

Nenda Boma. Milango yake ya nakshi ndiyo watu wanayoifuata. Ni jengo la serikali: ingia ofisini, salimia, omba kupiga picha. Ukianza na kamera utazuiwa, na utakuwa umewaharibia wageni wanaokuja nyuma yako. Mtembezi atakusimulia ya Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani. Upinzani huo dhidi ya kampuni ya Wajerumani uliwaka hapa Pangani mwaka 1888, na hapa hapa Wajerumani walimnyonga tarehe 15 Desemba 1889. Msikilize mwenyeji anavyolisimulia. Kwa watu wa hapa hayo si mambo ya kitabuni.

Pita mtaa wa maduka ya Wahindi. Usiutembee kwa haraka. Chagua nyumba moja yenye roshani, omba hodi, na ukikaribishwa tazama dari. Utaona boriti za mikoko zimelazwa mojamoja, zimekaribiana, na juu yake mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti ya mkoko haizidi sana urefu wa mita tatu, ndiyo maana chumba ni kirefu lakini chembamba. Nyumba nzima imekatwa kwa kipimo cha mti ulioota kwenye tope la mto huo uliotoka kuutazama. Palipo na mvujo, chokaa imedondoka na boriti imeanza kuota unga mweusi. Hapo utaelewa kwa nini nyumba hizi zinakwisha: maji yakishaingia juu, boriti ikaoza, ukuta wa matumbawe haudumu masika mengi. Mimi naona huu ndio msiba mkubwa wa Pangani, na kila anayelipa mtembezi, anayelala mjini na kununua kwenye maduka haya anawapa wenye nyumba sababu ya kununua bati na chokaa.

Namna ya kuingia barazani usiifanyie haraka. Salamu kwanza, shida baadaye.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwatoka wapi?"

"Tumetoka Tanga, tumekuja kuuona mji."

"Karibuni, kaeni basi."

Ukikaribishwa, kaa. Dakika kumi za baraza zitakufungulia milango ambayo pesa haiifungui.

Onyo: usioge wala kuchezea maji mtoni. Mto Pangani una mamba. Wenyeji wanajua pa kusimama, wewe hujui.

Umefanikiwa ikiwa: umeingia walau nyumba moja kwa kukaribishwa, na unaweza kueleza dari yake ilivyojengwa.

## Hatua ya 5: Maandalizi ya usiku

Kabla ya kulala fanya mambo matatu. Patana na bodaboda au gari la ng'ambo, Bweni, likungoje alfajiri. Upande ule asubuhi usafiri ni wa kubahatisha. Uliza kivuko kinaanza saa ngapi na safari ya mwisho ni saa ngapi. Mpigie mwenyeji wako wa shamba umkumbushe.

Usiku kula wali wa nazi na samaki, na ulale mapema.

## Hatua ya 6: Vuka

Uwe kivukoni mapema, saa kumi na mbili ikiwezekana. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni foleni ya magari. Abiria wa kwenye gari hushuka na kuingia kwa miguu. Wapishe magari yaingie na kutoka kwanza, wala usisimame katikati ya gari na ukingo wa kivuko.

Kuna daraja jipya la mto huu kwenye mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Ukikuta limefunguliwa, pita juu kwa sababu ya muda. Ila kurudi, panda mashua. Mji wa Pangani ulijengwa utazamwe kutoka majini, na picha yake nzima utaipata ukiwa katikati ya mto tu.

Ukishuka Bweni, geuka nyuma mara moja ukiwa juu ya kilima. Mji wote utakuwa chini yako, na bahari mkono wa kulia.

## Hatua ya 7: Shambani

Njia inaingia kwenye minazi, kisha ghafla mkonge, mistari iliyonyooka hadi macho yanapoishia. Mwambie dereva akuonyeshe Kikogwe. Ni upande huu ndiko mkonge wa kwanza wa nchi hii ulipandwa mwaka 1893, baada ya Mjerumani Richard Hindorf kuagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kabla ya hapo bonde la mto lilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu yaliyolimwa na watumwa. Baadaye mkonge ulileta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka bara na nchi jirani, na wajukuu wao wako mkoa mzima wa Tanga.

Jiandikishe getini, msubiri mwenyeji. Usitangulie ndani hata kama geti liko wazi.

Anza na ukataji, kwa sababu ndio unaoisha mapema. Simama nyuma ya mkataji na pembeni, hatua tano au sita. Kisu chake kinakwenda haraka na majani yanarushwa. Angalia anavyofanya: anakata ncha yenye mwiba kwanza, kisha anakata jani karibu na shina kwa pigo moja, anaacha majani ya juu yaliyosimama. Akiyamaliza hayo ya juu mmea unadhoofika. Majani yanafungwa matita ya 30, yanapangwa ukingoni mwa njia, na trekta inayakusanya. Mkataji analipwa kwa kazi aliyokata, kwa hiyo kila dakika unayomsimamisha inamgharimu. Maswali muulize anapopumzika, na ukimpiga picha kwa ruhusa, mshukuru kwa kitu.

Mmea mmoja huanza kukatwa ukiwa na miaka miwili hadi mitatu na huendelea kwa miaka mingi. Ukiona mlingoti mrefu umechomoza katikati, huo umefika mwisho: hutoa maua mara moja kisha hufa, na vichipukizi vilivyoota juu ya mlingoti ndivyo miche ya kesho. Mwombe mwenyeji akuangushie kimoja ukitazame. Tayari kina umbo la mkonge mzima, kidogo cha kukaa kiganjani.

Kisha korona. Utaisikia kabla hujaiona. Majani yanaingia kwenye mkanda, yanapita kwenye ngoma yenye visu butu vinavyozunguka kwa kasi huku maji yakimwagwa, na upande wa pili zinatoka singa ndefu, nyeupe zenye ukijani, zinachuruzika maji. Tope la kijani linakwenda zake mtaroni, na harufu yake ni kali, ya jani lililochacha. Tazama vizuri wingi wa hilo tope. Katika kilo 100 za majani, singa kavu ni kama kilo 4 tu. Hapo utaelewa kwa nini kiwanda kimejengwa ndani ya shamba: hakuna anayeweza kulipia mafuta ya kusafirisha uzito wote ule.

Maonyo ya hapa si ya kupuuza. Kanga, ushungi mrefu, kamba ya begi na shanga vibane au vivue kabla ya kuingia. Simama nyuma ya mstari utakaoonyeshwa. Usinyooshe mkono kuonja au kugusa kitu chochote karibu na ngoma. Maji ya mkonge yanawasha ngozi. Yakikurukia osha kwa maji mengi, na usijifute macho na mkono uliogusa majani.

Malizia kwenye uanikaji na brashi. Singa zinatundikwa juani kwenye nyaya, safu kwa safu. Hapa unaweza kugusa kwa ruhusa. Shika fungu lililokauka: nzuri ni nyeupe ya maziwa, haina mabaka ya kijani, na ukiivuta haikatiki. Ikiwa bado ina kijani, korona haikukwangua vizuri au maji hayakutosha. Kisha inapigwa brashi, inachaguliwa kwa madaraja na kufungwa marobota.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kufuata jani moja kwa maneno yako, kutoka kisu cha mkataji hadi robota, na kueleza kila hatua inapoteza nini.

Ukikuta korona imesimama licha ya ahadi, usigombane. Omba uone ukataji na kitalu cha miche, kisha ukirudi Tanga ulizia kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza. Ndiko ulikozalishwa mkonge chotara namba 11648, unaopandwa sana siku hizi.

## Hatua ya 8: Mto, kisha nyumbani

Saa tano uwe umeshaanza kurudi Bweni. Ukivuka, una nafasi mbili.

Kama maji yanajaa mchana huo, kodi mashua upande mto. Mashua ikisaidiwa na maji yanayoingia hufika mbali kwa mafuta kidogo, na mikoko inakuwa imezama hadi kwenye matawi, ndege wako karibu. Maji yakiwa yanakupwa, nahodha atahangaika na mafungu ya mchanga na wewe utaona tope. Dai jaketi okozi kabla ya kulipa, moja kwa kila mtu. Nahodha asiye nayo, mwache. Kisiwa cha Maziwe, chenye matumbawe na fungu la mchanga, ni safari ya bahari inayohitaji siku yake, usiibandike hapa.

Kama maji yanakupwa, kula mjini na upande gari la alasiri. Usingoje gari la mwisho. Likijaa kabla hujafika, hakuna jingine hadi kesho, na anayekwenda kuunganisha basi la Dar au Arusha pale Kange ndiye atakayeumia zaidi.